Mwalimu Awor na Kesi ya Wanawe Wawili

Nyinyi mliokaa viti vya mbele, mnamlilia nani?

Kama ni Teopista Awor, basi alizaliwa Kiyeyi tarehe 14 Machi 1940, akasoma shule ya misheni, akamaliza ualimu mwaka 1959, na tangu Januari 1960 akafundisha Buteba, ambako nusu yenu mlijifunza kwake kushika kalamu. Tarehe 6 Januari 1962 aliolewa na Ekaju, karani wa forodha, wakajaliwa Otai mwaka 1963 na Akwi mwaka 1966, na Februari 1973 wanajeshi walimchukua Ekaju mpakani, hakurudi, wala kaburi hana.

Machozi hayajakauka, shemeji yake Ojangole, chifu wa gombolola, yaani tarafa yetu, mpenda makoti mapya na mashamba ya wenzake, akawataka watoto, kwani mwenye kuwashika hao ameshika na shamba la baba yao. Awor akakataa. Tarehe 9 Septemba 1974, yeye akiwa darasani hana habari, korti moja isiyostahili kutajwa ilimpa Ojangole malezi yao, kwa kuwa mwanamke mwingine alisimama mbele ya hakimu, akajiita Awor, akasema anawaachia ukoo watoto kwa hiari, akatia kidole gumba kwenye hati, eti ndiyo sahihi ya mwalimu. Otai na Akwi waliachwa nje kwenye benchi, maana wangeingia wangeuliza huyo ni mama wa nani. Wazee watatu wa ukoo, wanaomjua Awor vizuri, walikuwa ndani, wakaangalia dari.

Mara nne alikwenda kortini kuomba watoto wasikilizwe wenyewe, mara nne karani wa korti akamfungulia jalada na ile alama ya kidole, na wanawe wakakua wakiambiwa mama aliwatoa kama kuku wa zawadi, hata sokoni wakamkwepa.

Kifua kilimshika mwaka 1977, akafariki hospitalini Tororo tarehe 30 Aprili 1979.

Familia inawashukuru madaktari waliomhudumia hata dawa zilipokwisha, majirani waliompikia uji, na walimu wenzake waliomshikia darasa. Ukoo utashukuriwa utakapofanya la kushukuriwa.

Lala sasa kwa amani, mwalimu, kwa maana jana jioni, kando ya jeneza lako, Rehemah, mwuza vitenge wa Busia, ambaye Ojangole alimtishia kumnyang'anya mali yake yote asipomtii, na kwa kuwa sasa serikali iliyomlinda chifu huyo imekimbia, aliwashika wanao mikono, shemeji yako akisikia, akasema:

"Otai, Akwi, mama yenu hakuwapeana. Ni mimi nilisimama korti, nikasema mimi ndiyo mama, nikaweka kidole."