Namba Tatu na Namba Kumi: Risala ya Wafanyakazi wa Ghala la Mboga, Voi, 14 Juni 1996

Mgeni rasmi, Bi. Faiza Hashil, Meneja Mkuu wa ushirika wetu. Wakulima wetu kutoka Werugha na Bura. Mabibi na mabwana.

KARIBU
Sisi wafanyakazi wa ghala hili tumefurahi kukuona. Mameneja waliotangulia tuliwajua kwa sahihi zao tu. Wewe umekuja mwenyewe na umeshika kabichi kwa mkono wako. Asante.

TULIKOTOKA
Mwaka jana ulitutumia kompyuta mbili, moja ya mizani na moja ya ofisi. Kabla ya hapo karatasi ya mizani ilipelekwa ofisini kwa miguu. Kabichi iliyotoka Werugha na umande iliingia kwenye lori imenyauka.

Waya ulivutwa, lakini kompyuta hazikuongea. Zinatumia programu kuu ya zamani iitwayo DOS, na hiyo haiijui kadi ya mtandao, pale waya unapochomekwa, mpaka uiwekee draiva, yaani programu ya kuiendesha. Tukiweka draiva, mausi, kile kipanya cha mkononi, inakufa. Tukirudisha mausi, kadi inakufa. Fundi aliyeletwa alikaa siku mbili, akaandika kwamba kadi ni mbovu, akaenda zake. Na sisi tukaamini.

MAFANIKIO
Aliyekataa kuamini ni Alice Nzembi, kibarua wa mizani. Wiki nzima, saa ya chakula, alisoma maelezo yaliyokuja na disketi, kamusi iko pembeni. Kisha akaniita.

"Mzee Kituku, nikiwapa wakulima wawili namba moja ya uanachama, kabichi ni za nani?"

"Ni za vita," nikamwambia.

"Basi humu ndani kila kifaa kina namba yake ya kuiita kompyuta. Mausi ina namba tatu, na kadi nayo imepewa tatu."

Hapa ghalani namba ya mkulima hapewi mwingine, hata mwenyewe akifa. Kumbe kompyuta nayo haitaki kuchanganyiwa. Alice akaipa kadi namba kumi. Tangu siku hiyo mizani inaongea na ofisi, na lori la Mombasa linaondoka saa nne badala ya saa nane. Kwa mashine hizi tunakushukuru sana.

SHIDA
Hatutaficha. Vibarua wa mizani wanaachishwa kazi mwisho wa mwezi huu, kwa sababu kompyuta zimepunguza kazi. Alice ni mmoja wao. Barua ina sahihi yako. Hatusemi ulijua. Tunasema sasa unajua.

OMBI
Tuna moja tu. Alice aandikwe kazi ya kudumu, aziangalie kompyuta hizi. Cheti hana. Hata mimi ninayesoma niliacha shule darasa la tano. Lakini mashine zinafanya kazi, na ukitoka hapa tutakuonyesha.

Ndiye aliyekuletea hiyo soda, mama. Tutafurahi ukitujibu kabla hajaondoa chupa.

Mungu akupe afya, akufikishe Mombasa salama, na awabariki wote wa nyumbani kwako.

Ni sisi, Wafanyakazi wa Ghala la Mboga, Voi.
Imesomwa na Obadiah Kituku, mpakiaji.