Mama Philister na Honi Iliyomezwa na Vuvuzela

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, tafadhali hakikisha Mama Philister hayuko karibu nawe. Hajui kwamba karatasi hii ipo. Hajui habari za ukumbi wala keki ya sherehe yake ya kuagwa, na anaamini kwamba Jumamosi tarehe 27 Juni anakwenda mtaa wa Frogtown kupimwa gauni kwa fundi wake. Nakuomba usiitume kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, maana yumo, na husoma kila kitu mpaka mwisho. Nakuomba hata zaidi kwa sababu humu kuna jambo moja aliloniambia tukiwa wawili tu, na sikuomba ruhusa ya kuliandika. Nimemwona akikasirika mara moja tu tangu nianze kazi. Sina hamu ya kuona mara ya pili. Kila neno libaki kwako.

Bi. Philister Moraa anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka ishirini na sita katika ofisi ya michezo ya Chuo cha Hollis, hapa Saint Paul. Aliajiriwa kufua jezi. Anaondoka akiwa msimamizi wa ofisi, na katikati ya hayo amekuwa mpanga safari, mshona soksi, mpatanishi wa makocha wanaonuniana na, kwa misimu mingi, mtunza saa wa mechi zote za mpira wa miguu zinazochezwa nyumbani.

Kazi ya saa aliipata kwa bahati. Mtunza saa wa zamani alikwama kwenye theluji, timu zikiwa tayari uwanjani, na kocha akachungulia chumba cha kufulia kuuliza kama kuna mtu anayejua mpira. Mama Philister alijibu kwamba amekulia Kisii katika nyumba yenye kaka wengi, na asiyejua mpira kwao hakupata nafasi ya kuongea mezani. Akavishwa koti kubwa, akawekwa mbele ya kitufe. Baada ya dakika chache alimpigia simu fundi wa umeme wa chuo: "Njoo upesi, saa yenu imeharibika. Inarudi nyuma!" Fundi huyo naye alishastaafu, lakini nilipomtafuta kwa ajili ya wasifu huu alicheka kwanza, kisha ndipo akanisalimia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuangalia mpira wa vyuo vya huku, saa haikuwa mbovu. Huhesabu kushuka hadi sifuri mbele ya macho ya watu wote, na ikifika sifuri honi inalia, mechi imekwisha. Refa hana dakika za nyongeza mfukoni. Mama Philister hakulipenda jambo hilo. "Kwetu refa ana huruma kidogo," aliwahi kuniambia. "Hapa wamempa honi kazi ya refa, na honi haina mama." Hata hivyo aliisimamia vizuri kuliko wengi walioipenda.

Meza yake ilijulikana kote Minnesota. Pale palikuwa na chupa ya chai yenye tangawizi ya kutoa machozi, na marefa waliokuja kutoka mbali walipita kuomba kikombe wakati wa mapumziko, na makocha wa wapinzani pia, wakitazama huku na huku kama wezi. Wanafunzi wageni kutoka Afrika nao walikuwa wake. Wakifika mwezi wa Agosti wakiwa na viatu vya wazi, wakitaka kuonyeshwa duka lile kubwa la Bloomington, yeye aliwaambia watalikuta hapohapo, halitahama. Kwanza aliwapeleka kwenye mitumba kutafuta koti. Mpaka leo kuna daktari mmoja kule Fridley anayevaa koti la rangi ya zambarau alilochaguliwa siku hiyo.

Sasa nifike kwenye mechi ile. Wajumbe wawili wa kamati ya sherehe walinishauri niiruke. Nilijaribu, na wasifu ukawa kama nyumba isiyo na mlango.

Ili uielewe, lazima kwanza umjue Joan Chepkemoi, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Lenny. Yeye na Mama Philister waliingia nchi hii mwaka mmoja na wakapanga chumba pamoja Fridley. Walikuwa na gari moja. Joan alifanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, Philister alifanya kazi mchana, na asubuhi mmoja alishuka, mwingine akapanda, kiti kikiwa bado na joto la mwenzake. Lenny alipozaliwa, mikono iliyomlea ilikuwa minne. Alipopata nafasi ya kucheza Chuo cha Hollis, haikujulikana ni nani kati ya wale kina mama wawili aliyelia zaidi.

Vuli ya mwaka wake wa mwisho, timu yetu ilihitaji angalau sare ili iendelee na mashindano. Joan alibadilishana shifti na kuleta ukoo mzima. Mzee Solomon, mwenyekiti wetu wa jumuiya, aliagiza vuvuzela na kuzigawa langoni kama mishumaa ya mkesha. Mimi sikuwepo. Familia yetu ilikuwa ndiyo kwanza imefika kutoka Kivu, nami nilikuwa bado shuleni. Haya nimeyakusanya kwa watu waliokuwepo, na yote yanalingana isipokuwa ukubwa wa vuvuzela.

Wapinzani walipata bao mapema. Refa akatupa penalti, Lenny akapiga, ikagonga mwamba. Kipindi cha pili akatupa nyingine, Lenny akapiga tena, na mpira ule, kwa maneno ya Mzee Solomon, bado unatafutwa kwenye maegesho ya magari. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na mkono wa beki ambao refa hakuuona, au aliuona akaona baridi inatosha. Jukwaa letu likachafuka. Saa ikashuka, na vuvuzela zikapigwa zote kwa pamoja, bila kupumua. Lenny akaingia na mpira kwenye eneo la hatari, akakwatuliwa, akaanguka. Refa akapuliza filimbi na kuonyesha penalti ya tatu.

Wapinzani wakamzunguka wakipiga kelele kwamba muda ulishakwisha. Refa hakuwa amesikia honi. Hakuna aliyekuwa ameisikia, maana sisi wenyewe tuliimeza kwa vuvuzela zetu. Ikabidi atembee mpaka mezani kumwuliza mtunza saa ni kipi kilitangulia, honi au rafu.

Kelele zilikatika ghafla. Kisha Mzee Solomon akaita kwa Kiswahili, akijua refa haelewi: "Philister! Mtoto ni wetu huyo!" Na mwingine: "Ongeza kidogo, dada, umeme wa huku haukatiki!" Watu wakacheka. Joan alisimama, mikono kifuani.

Mama Philister alimjibu refa papo hapo kwamba honi ililia kwanza. Penalti ikafutwa, mechi ikaisha, na mpira wa chuo wa Lenny ukaishia pale. Kuna aliyepaza sauti kwamba saa ile imetiwa betri za mitumba. Mama Philister akasimama, akageukia jukwaa na kusema, "Washeni magari yapate joto. Mtapata homa bure."

Jumapili iliyofuata kulikuwa na chakula cha pamoja baada ya ibada, kila nyumba na sufuria yake. Yeye alileta matoke kwa nyama, chakula ambacho kwa kawaida watu walikipigania. Siku hiyo walipita mbele yake kana kwamba meza ina shimo pale. Alikirudisha nyumbani kama kilivyotoka, na ofisi yetu, naambiwa, ilikula matoke mpaka Alhamisi. Jumapili nyingine akaleta tena matoke, akayaweka mahali palepale. Safari hii Lenny alitoka kwenye mstari wa vijana, akajaza sahani mpaka ikamwagika, kisha akageuka. Ni kijana wa kujibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wengi, lakini hapo alitumia Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mimi nilikosa mbili. Hiyo ya tatu mnalia, nani alisema nitafunga?" Mzee Solomon alicheka mpaka akavua miwani. Sufuria ikaisha.

Kila mtu alirudi, isipokuwa Joan. Alihamia ibada ya asubuhi. Tangu vuli ile wamekutana kwenye misiba tu, na salamu zao ni za watu wanaosubiri lifti. Wengi wanadhani Joan anadai penalti. Hadai. Amewahi kusema wazi mbele ya kina mama: "Najua honi ililia. Lakini miaka yote ile, hata kunitazama? Alijibu kama mimi sipo."

Sasa lile jambo aliloniambia tukiwa wawili. Msimu ujao nitakaa mimi kwenye ile meza, kwa hiyo tangu Machi Mama Philister amekuwa akinifundisha. Mara nyingi nabonyeza kitufe kabla ya wakati, naye ananipa chai na kuniambia kila aliyekaa pale alianza hivyo. Siku moja aliniambia: refa akija kukuuliza, usitazame jukwaani. Nikauliza kwa nini. Akafunika chupa ya chai taratibu, akasema, "Siku ile nilijua Joan amesimama wapi. Kama ningemtazama, ningesema uongo." Halafu akaniuliza kama nimeshaagiza nyavu mpya.

Kwa kuwa jina la Mama Lenny limo humu, sikuthubutu kuchapisha bila yeye kusoma. Nilimpelekea mwenyewe mlangoni. Alipokea, akanishukuru na kufunga mlango, nami nikaendesha gari mpaka nyumbani nikiwa na hakika nimeharibu sherehe ya mtu. Siku mbili hakupiga. Siku ya tatu alipiga, hakuligusia neno hata moja la wasifu huu. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Je, Philister bado hali vitunguu vibichi?" Nilimwambia nitamjibu.

Mama Philister, kwa niaba ya ofisi ya michezo, wachezaji wa misimu yote na marefa waliokunywa chai yako wakijificha, asante. Tunakuombea asubuhi ndefu, magoti yasiyouma wakati wa theluji, na Jumamosi nyingi za kukaa jukwaani, umtazame umtakaye na kumpigia kelele umtakaye.

Kwa wengine wote: sherehe inaanza saa tisa alasiri, ukumbi wa juu, University Avenue, ingieni kwa mlango wa nyuma. Anayeleta chakula anijulishe kwa namba iliyo chini ya mwaliko. Tafadhali andika ujumbe, usipige, maana simu yangu hulia mezani na yeye amekaa mbele yangu. Kama ni lazima tuonane, njoo dirishani kwangu kati ya saa saba na saa nane mchana, anapotoka kutembea. Ukimkuta, sema umekuja kuuliza bei ya jezi.

Na yeyote anayejua kwa hakika habari ya vitunguu aniandikie leo. Siwezi kumwuliza mwenyewe, atashtuka. Mama Lenny anasema kachumbari ataikata yeye, na ya Philister ataitenga kwenye bakuli lake.

Rachelle Uwineza,
karani, ofisi ya michezo