Kikombe Kimoja cha Posa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata kwa mdomo huu wangu, ambao siku moja ulisema, "Hapana, atakunywa mwenyewe." Neno hilo ningeweza kulimeza. Dada yangu alikuwa amekwisha kunyoosha mkono apokee kikombe kwa niaba ya mke wangu, nami nikamzuia.

Ilikuwa miaka ya Zaire, hapahapa Kalemie. Nilikuwa mtunza magazini, ghala la mizigo, bandarini. Sikuwa mlevi, na jambo hilo lilinipa kiburi. Kila nikitoka kazini nilikunywa glasi moja ya lutuku, ile pombe yetu kali, kabla ya kula, kisha nikaenda nyumbani nimenyooka. "Kidogo hakina neno," niliwaambia watu, kama vile nimesomea udaktari.

Mke wangu, Mama Feza, alikuwa na ugonjwa wa sukari, akimeza vidonge kila asubuhi. Mwuguzi wa dispansera alituketisha sote wawili. "Papa Feza, wewe ni muntu wa magazini, utanielewa," aliniambia. "Ini njo magazini ya sukari mwilini. Muntu akikaa na njaa, ini linafungua mlango, linatoa sukari. Lakini kileo kikiingia, ini linaacha kazi ile, linashughulika na kileo kwanza. Na vidonge vya Mama vinaendelea kushusha sukari. Sasa itatoka wapi?"

"Hata kikombe kimoja?" niliuliza.

"Kwa tumbo tupu, hata kimoja, Papa. Ukimuona anatoka jasho, anatetemeka, anasema ovyo, usingoje. Mupe sukari palepale."

Nilielewa! Ndugu zangu, sitajificha nyuma ya ujinga. Nilielewa.

Kisha wakaja watu wa Zongwe kumposa binti yetu Feza. Kijana aliitwa Kalunga, mvuvi mpole, na Feza alimpenda. Mama Feza alikuwa jikoni tangu alfajiri. Alimeza kidonge chake lakini hakula, maana kwetu mama wa binti haonji chakula kabla ya wageni. Na lutuku ya posa haipokelewi mpaka mama wa binti anywe kikombe cha kwanza. Asipokunywa, ni kama amesema binti hatoki.

Mama Kalunga, mama yake kijana, alimimina kwa mikono miwili. Mke wangu akanitazama. Dada yangu akaona, akasema, "Lete hapa, mimi ni shangazi, nitakunywa kwa ajili yake." Wageni hawakukataa! Mama Kalunga mwenyewe alianza kumgeuzia dada yangu kikombe. Mimi ndiye niliyeona haya. Sikutaka wakwe waseme nimeoa mgonjwa, wala kwamba binti yangu ametoka tumbo la ugonjwa. Nikasema lile neno.

Mke wangu akanywa chote, asinitie aibu. Nami nikanywa baada yake, chombo kilekile.

Tulipokuwa tunakula, yeye bado akigawa samaki, jasho lilianza kumtiririka. Akamwita Kalunga kwa jina la marehemu kaka yake. Mjomba wa kijana akapiga makofi. "Sitoyeni," akaniita, kama tulivyoitana siku zile, "kikombe kimoja tu! Muongezee cha pili, atatupatia na binti mwingine!" Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Feza hakucheka. Alininong'oneza, "Papa, mama anatetemeka. Nimupe sukari?" Bakuli la sukari lilikuwa mezani, karibu na chai ya wageni.

"Muache alale," nikamjibu. "Usinipatishe haya mbele ya watu."

Wageni walipoaga, jua likiwa bado juu, niliingia chumbani. Alikuwa anakoroma, mto umelowa, na sikuweza kumwamsha. Tulimbeba na kitanda chake mpaka hospitali. Wakamtia maji ya sukari kwenye mshipa. Siku ya tatu akafa, bila kufumbua macho.

Kwenye kilio, ndugu zetu walisema Mama Kalunga ametia kitu ndani ya kikombe. Yule mama alisimama katikati ya watu, kitambaa kimeanguka kichwani. "Papa Feza, wewe ulikunywa chombo kimoja naye. Sema neno."

Niliangalia chini. Ndugu zangu, niliangalia chini! Watu wa Zongwe wakafukuzwa kabla ya maziko, na posa ikaishia hapo.

Niliendelea na glasi yangu moja kila siku, nisisikie sauti ya yule mama. Miaka ikapita. Ndipo sukari ikanishika mimi pia. Mwuguzi mwingine, kijana mdogo, akaniuliza kama ninakunywa. Nikasema, "Kidogo tu." Nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu nilishika meza yake, nikalia kama mtoto. Palepale nilimlilia Mungu. Na ninashuhudia, tangu saa ile hajaniacha nirudie lutuku, hata tone!

Nilipanda mtumbwi kwenda Zongwe. Nilimkuta Mama Kalunga amezeeka, anakula peke yake. Majirani walikuwa wakiogopa hata kunywa maji kwake. Nikawaita watu, nikasema yote mbele yao: kidonge, njaa, kikombe, neno langu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilikuomba neno moja, Papa Feza," akasema. "Kulileta tu kumekuchukua miaka yote hii?" Kisha akanipa maji ya kunywa, nikayanywa mbele ya majirani zake. Ninamshukuru Mungu kwa maji yale.

Wewe unayesema "kidogo tu", mwamini Bwana kuliko haya yako. Na mgonjwa wako akitoka jasho, acha wageni wacheke, mpe sukari. Bwana hakuona haya kunipokea mimi.

Amenisamehe, naamini. Lakini Mama Feza amelala makaburini. Kalunga alikuwa ameoa kwingine zamani. Feza yuko Kabalo, hakuolewa, na tangu nilipomweleza ukweli hajanijibu barua hata moja. Kikombe kile kilinigharimu mke wangu na binti yangu.