Bi. Evarista na Mapacha wa Bibi Yangu

Leo, tarehe 30 Juni 1977, Bi. Evarista Kalinga anastaafu baada ya miaka thelathini ya ukunga. Mwalimu Mkuu ameniomba niandike kwa niaba ya wanafunzi. Naahidi kusema yote, hata ya nyumbani kwetu, maana mama yangu ni mjamzito tena, na uvimbe uliotaka kumuua safari iliyopita bado upo katika mfuko wake wa uzazi.

Bi. Evarista alisomea ukunga Tosamaganga. Sisi Wasukuma tulipohamia Usangu na ng'ombe wetu tulimkuta hapa zahanati, naye akajua Kisukuma upesi kuliko sisi tulivyojua Kisangu. Hampimi mjamzito mpaka mkubwa wa nyumba naye aguse tumbo. Baba alipojificha mlangoni aliambiwa aingie, tumbo haling'ati.

Miaka mitatu iliyopita tumbo la mama lilikuwa kubwa kupita miezi yake. Bibi alipapasa, akahisi vichwa viwili, akawaita Kulwa na Doto, majina yetu ya mapacha, akalainisha ngozi mbili za kubebea watoto. Bi. Evarista akauweka mkono wa bibi chini ya tumbo, pale pagumu, akamuuliza:

"Huyu Doto mbona hachezi, mama?"

"Amelala."

"Haya, tumsubiri aamke."

Wakanywa chai hadi ikaisha, Doto hajaamka. Bibi alicheka, kisha akaurudisha mkono pale pagumu.

Ulikuwa uvimbe, tena umeziba njia ya mtoto. Mama angezalia nyumbani, kama bibi alivyopanga, angekufa. Bibi mwenyewe ndiye aliyemtuma baba kutafuta gari la kwenda hospitali ya Mbeya. Daktari alimpasua mama, akamtoa mdogo wangu Seni akiwa mzima. Lakini uvimbe ulizuia mfuko kujikaza, damu ikawa haikatiki. Bi. Evarista, aliyemsindikiza, alisugua tumbo hadi mikono ikafa ganzi. Baba na mjomba Limbu wakatoa damu. Uvimbe daktari aliuacha, akihofia damu zaidi, akaagiza mimba nyingine ipimwe mapema.

Asante, mama yetu. Mahindi yako huko Iringa unakorudi yastawi, na miguu yako ipumzike. Mimi natumaini kusomea kazi yako. Ila bibi ameanza tena kutaja mapacha, na mkunga mpya hajafika. Naomba unijibu leo hii, kabla sherehe haijaisha: utapita kwetu kumpima mama kabla hujapanda basi?

Roza Mihayo, Darasa la Saba