Mzee Futi na Barabara Iliyopimwa Mara Mbili

Kaka yetu, mliyemwita Mzee Futi kwa sababu hakutoka nyumbani bila futi mfukoni, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi reli, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, kisha sekondari, na mwaka 1979 akahitimu chuo cha ufundi. Mama alikuwa akimwambia, "Wenzio wanacheza mpira, wewe unahesabu umedunda mara ngapi!"

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa ajali za barabarani. Magari yakishagongana, yeye hupima alama za breki na kukokotoa mwendo. Alikuwa na kipande cha tairi kilichojazwa zege, kilo ishirini, akikiburuta kwa mizani ya ndoana ajue lami inashika kiasi gani. Lami ikiteleza, hata gari la mwendo wa wastani huacha alama ndefu.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983, na lile zege likahamia chini ya kitanda. Wiki ya kwanza tu wifi yetu akamuuliza, "Baba, huyu mke mwenzangu mbona mzito hivi?"

La mwaka 1996 tunalisema kwa sababu mwenyewe aliagiza lisemwe. Dereva wa gari la mikate alimgonga mpita njia, akafa. Alama ya breki ilikuwa mita thelathini na moja. Kaka alifika pale kesho yake, lami kavu, mizani ikasoma kilo kumi na nne. Akaandika mwendo wa kilomita sabini na nne kwa saa, mahali panaporuhusiwa sitini. Dereva akafungwa. Miezi saba baadaye mama muuza chai wa pale akamwambia, "Si siku ile bomba lilipasuka? Tulikuwa tunaruka maji hapa!" Hakuwa amemuuliza mtu. Alirudi na ndoo za maji, mdogo wake wa kike akizibeba na kunung'unika. Lami ilipolowa, mizani ikasoma tisa. Mwendo: hamsini na tisa.

Bosi wake akasema, "Kesi imekwisha, bwana. Nyamaza."

"Kesi imekwisha, mtu bado yumo ndani."

Akaenda mahakamani kujisema mwenyewe. Dereva akatoka, yeye akashushwa cheo. Alipokwenda kumwomba radhi, dereva alimwambia, "Miezi saba. Utanirudishia?" Akajibu, "Siwezi." Kila mwaka alirudi kumsalimu. Hakufukuzwa, wala hakusamehewa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Miaka mitatu ya kwenda na kurudi hospitali ilituchosha sote, na yeye zaidi. Kila mlango ulipofunguka aliuliza, "Dereva kaja?" Tulimjibu hapana mpaka tukachoka kujibu. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo wake aliyebeba ndoo.

Gari lililomleta hapa leo limeendeshwa na dereva yule. Alikuja mwenyewe asubuhi, akaomba ufunguo. Tuliposhusha jeneza alisema, "Nimemleta kwa mwendo wa arobaini, njia nzima. Mwambieni akapime."

Hapimi tena, ndugu dereva. Amefika. Mwacheni apumzike kwa amani.