Mafuta ya Bi Salama na Maziwa ya Mwanangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Hebu itikieni tena, maana ninyi wa viti vya nyuma mmeitikia kama watu walioletwa hapa na polisi.

Haya, asanteni. Mimi ni Penina, mke wa Zablon, yule anayetia makaa kwenye meli, na tunakaa kule nyumba za reli. Watu wa kwetu Nyakach mtaniwia radhi nikisema Kiswahili, ili na hawa ndugu zetu wa mbali wasikie. Mchungaji ameniambia niwe mfupi. Nitajaribu, lakini mchungaji ananijua.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kazi. Penye arusi nipo, penye msiba nipo. Ile sufuria kubwa ya kanisa ninaisugua mimi, na mtu mwingine akiisugua ninarudia. Hata tumbo lilipokuwa kubwa mpaka sioni miguu yangu, nilikuwa nabeba maji kutoka bombani. Nikikaa chini naona kama nimeiba. Nilidhani huo ndio wokovu wenyewe, kwamba mtu aliyeokoka hachoki, na akichoka basi kuna dhambi mahali fulani imejificha.

Ndipo akazaliwa Okoth. Alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana tukamwita hivyo, na baba yake yuko huko upande wa Bukoba na meli. Wengine wenu hamjui kwamba huyu si wa kwanza. Wa kwanza Bwana alimchukua kabla hajaota jino, na hapo sitasema zaidi. Lakini mjue kwamba huyu nilimpokea kwa hofu.

Wageni wakaja. Mnajua desturi yetu, mtoto akizaliwa mlango wa nyumba haufungwi. Huyu ameleta ndizi, huyu ameleta kuku, na wote wameleta kiu ya chai. Nikaamka kitandani nikawapikia mwenyewe. Wakaniambia, "Penina, kaa, tutapika sisi." Nikasema, "Aa, ninyi ni wageni." Basi wakakaa wakaniangalia nikipika, wakanisifu. Na mimi sifa nazipenda.

Lakini ndani yangu mambo yalikuwa yanaharibika. Usingizi ulinikimbia. Pale kwetu mabehewa yanagongana mchana kutwa, na kila yakigongana mtoto anashtuka, na mimi nashtuka kumpita. Upepo ukivuma kutoka ziwani namwona Zablon ameshazama. Mabega yalipanda yakakaribia masikio. Kichwa kinagonga. Na maziwa, ndugu zangu, yakaanza kupungua. Okoth akianza tu kulia, mwili wangu wote unakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Ninamweka kifuani, anavuta, hapati kitu, analia zaidi, na mimi nakaza zaidi. Tukawa tunalia wawili.

Mama mkwe wangu akaja kutoka Kombewa. Sisi tunamwita Dani, yaani nyanya, na leo yupo hapa, yule pale nyuma aliyemshika mtoto. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe, tukayachanganya na maji, tukampa mtoto kwa kijiko. Akatapika yote. Tukampeleka zahanati, nesi akampima, akaangalia mizani, akanyamaza. Mimi naogopa nesi anayenyamaza kuliko nesi anayefoka. Akasema nimrudishe wiki ile ile, na akizidi kupungua watamlaza.

Sasa sikieni tulichofanya. Dada zangu wa ushirika walikuja kuniombea, Mama Yunia akiwa kiongozi. Mama Yunia, usiiname, nakupenda. Tuliomba kwa machozi, na maombi yale Mungu aliyasikia, sina shaka. Lakini baada ya kuomba tukaona jambo hili ni zito, tukapatana tufunge. Na mimi nikasema, kama mtoto ni wangu, nitakuwaje wa kula wenzangu wakifunga? Ndugu zangu, sikieni vizuri. Mama anayenyonyesha, hana maziwa, tukafunga kula ili maziwa yaje!

Mnacheka. Wakati ule hakuna aliyecheka. Dani alijaribu kunipa samaki nikamwambia arudi nyuma, Shetani. Samaki mwenyewe alikuwa ngege wa kukaanga, na harufu yake naikumbuka hadi leo.

Nilianguka bombani. Sikuzimia kabisa, miguu tu ilikataa, nikajikuta nimekaa matopeni na ndoo imelala pembeni. Aliyeninyanyua ni Bi Salama. Wengi mnamwona mjini bila kumjua jina. Ni mama wa Kiislamu wa kule Kaloleni, anayepita nyumba kwa nyumba akiuza mafuta ya nywele, na waliojifungua anawakanda mgongo. Mimi nilikuwa nikimwona namkwepa, maana tulifundishwa kwamba manukato ni mambo ya dunia.

Akaniuliza, "Mwanangu, umekula nini leo?"

Nikamwambia kwa fahari, "Nimefunga."

Akaniangalia kifuani, akaniangalia usoni. Akasema, "Hata sisi, mwezi wa Ramadhani, mama anayenyonyesha ana ruhusa ya kula. Na mtoto wako, umemwuliza kama naye anafunga?"

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi. Hilo lilikuwa neno moja tu, la mama Mwislamu, bombani, na lilinichoma kuliko yote. Akaniletea uji, nikaunywa pale pale nimekalia ndoo, huku nalia ndani ya kata. Naamini Bwana ndiye aliyempitisha njia ile.

Kesho yake akaja nyumbani na mafuta yake. Dani akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Dani kwao wanajua habari za jicho baya na dawa za majirani, na mtu hamletei mjukuu wake chupa hivi hivi. Akasema, "Lete kwanza hapa. Kama ni sumu iniue mimi, nimekula chumvi ya kutosha." Akajipaka goti la kushoto, akakaa akiyangoja mafuta yamuue. Tukamngoja na sisi. Baadaye akanyoosha mguu, akaukunja, akasema, "Hili la kulia nalo linauma." Hapo Bi Salama akaruhusiwa kuingia.

Alichofanya kilikuwa kidogo sana. Alitia mafuta ya simsim kwenye kikombe, akakiweka kikombe ndani ya maji ya moto mpaka mafuta yakapata joto. Halafu akatoa kichupa kidogo cha mafuta ya lavenda, yale yanayouzwa kwenye maduka ya Wahindi, akadondosha matone machache tu. Akaniambia, "Haya makali. Hayapakwi matupu, hayanywewi, na mtoto hapakwi." Akanikanda shingo, mabega, mgongo, nyayo za miguu. Kifua hakukigusa. Nikamwuliza mbona, akasema, "Mtoto anataka kunusa mama yake, hataki kunusa duka."

Halafu akanipa masharti, na hayo ndiyo yaliyonishinda. Kwanza, nikae kabla mtoto hajalia. Akianza tu kujinyoosha, mimi niko kitini tayari, miguu kwenye karai la maji ya vuguvugu, uji pembeni, mlango umefungwa. Kitambaa chenye tone moja la lavenda niwe nacho mapajani, nivute pumzi taratibu, niiache itoke taratibu kuliko ilivyoingia. Alfajiri, kabla ya kushika jiko, nitoke nje nikae na chai yangu nikitazama ziwa, nisifanye kitu. Nikasema nitaomba wakati huo. Akasema, "Omba, lakini ukiwa umekaa."

Siku za kwanza sikuweza. Najiona nimekaa, nawaza sufuria inaungua, nasimama. Bi Salama ananisukuma bega chini. "Kaa. Sufuria haikuzaa, umezaa wewe." Dani naye akajifanya askari wa mlangoni. Wageni wakija anawaambia, "Nyar Nyakach amekaa," yaani binti wa Nyakach, ndiye mimi, kana kwamba anasema niko na gavana. Mama Yunia alirudishwa mara ya kwanza. Mara ya pili aliingia kwa nguvu, akanusa lavenda, akasikitika mpaka midomo ikatetemeka. Habari zikafika huku kanisani kwamba Penina amerudi nyuma, anajipaka manukato na Waislamu. Mimi nilikuwa kwenye karai, sikuweza kukimbia kujitetea. Na ajabu ni kwamba, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikutaka kukimbia.

Basi siku moja, alasiri, mvua inapiga mabati hata huwezi kusikia mabehewa. Niko kitini. Bi Salama ananikanda shingo huku anatusimulia habari za mume wake wa pili, na sitazirudia hapa mbele ya madhabahu. Dani anacheka mpaka anafuta macho. Na mimi nikacheka, ndugu zangu. Nilikuwa sijacheka tangu mtoto azaliwe. Mabega yakashuka yenyewe. Okoth akajinyoosha, akatoa sauti kidogo, na kabla sijamfikisha kifuani nikasikia kitu kinatembea ndani ya matiti kama sisimizi wengi. Nikaangalia gauni. Limelowa!

Mtoto alimeza kwa kelele. Glu, glu, yanamwagika shingoni. Bi Salama akapiga kigelegele, Dani akamziba mdomo, "Nyamaza, utayatisha yarudi!" Halafu yeye mwenyewe akapiga kikubwa kuliko cha mwenzake. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja, nikisema, "Asante Yesu, asante Yesu," na Bi Salama anasema alhamdulilahi, na sidhani mbinguni walichanganyikiwa.

Tulipomrudisha zahanati, nesi aliangalia mizani akasema, "Huyu ndiye yule yule?" Dani akamjibu kwamba sisi hatuna desturi ya kuazima watoto. Zablon aliposhuka melini akanikuta nimekaa nje na chai, akaniuliza naumwa wapi, maana tangu anioe hajawahi kuniona nimekaa.

Ndugu zangu, msije mkatoka hapa mkasema Penina anahubiri lavenda. Mafuta ni mafuta. Mwenye ugonjwa aende hospitali, na mwenye mzigo moyoni auseme kwa watu wake. Lakini Bwana aliyaumba majani yenye harufu nzuri, na nadhani hakuyaumba ili nyuki wafaidi peke yao. Nilivyoelewa mimi ni kwamba mafuta yalinipa sababu ya kukaa, na nilipokaa, Mungu akapata nafasi ya kunihudumia. Miaka yote nilikuwa namwomba anisaidie huku namkimbia na ndoo kichwani.

Nashukuru kanisa kwa maombi yenu. Nashukuru Mama Yunia, ambaye baada ya kusikitika alikuja tena na kuku wawili, akapika yeye, akakosea chumvi, nikala nikanyamaza. Namshukuru Bi Salama, na naomba mkimwona sokoni msimkwepe tena kama nilivyofanya.

Na wewe mama uliye hapa, unayelala na kuamka meno yamebana, unayeogopa kwamba ukikaa kidogo nyumba itaanguka, nakuambia jaribu kesho alfajiri. Kaa. Vuta pumzi. Mwachie Bwana nyumba kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, uone kama ataiangusha. Mwamini. Mimi alinishikia, na sikuwa mtu rahisi.

Nilitaka kusema na habari za… Mnamsikia? Huyo ni Okoth. Siku zile sauti hiyo ilikuwa inanikausha mpaka kooni. Sasa akina baba tazameni ukutani, na ninyi akina mama angalieni gauni langu, si mimi nimelimwagia maji. Dani, mlete. Mama Yunia, nisogezee hicho kiti.