Susara Roets na Gari Ambalo Kamati Haikulipata

Ndugu wa ukoo wa Roets na ukoo wa Grobbelaar, mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa bonde hili lote, nanyi mabwana wa kamati ya sherehe ya miaka mia ya safari ya mababu kwa magari ya maksai, ambao tunaona mmekuja na ndevu zenu mpya za kufanana nao, familia imemteua Gerrit, kitinda mimba wa marehemu, fundi wa magurudumu, asome maisha ya mama yake, na tangu asubuhi watu wawili tofauti wamemwomba aruke sehemu fulani. Hataruka.

Marehemu Susara Margrieta Roets, ambaye wilaya nzima ilimwita Tant Susara, yaani Shangazi Susara, hata wale waliokuwa wakimwogopa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1862 katika shamba la Rietvallei, wilaya ya Rustenburg, akiwa mtoto wa tano wa marehemu Petrus Grobbelaar na mkewe Jacomina, na kuhusu elimu yake hatutawadanganya, alisoma miezi mitatu tu kwa mwalimu mmoja mpita njia, ambaye baba yake alimfukuza kwa ajili ya ulevi, na yaliyobaki akajifundisha mwenyewe kwa Biblia ya nyumbani, akianzia kitabu cha Waamuzi kwa kuwa humo ndimo mlimokuwa na vita, mpaka akapokelewa kwenye Meza ya Bwana akiwa na miaka kumi na sita.

Tarehe 6 Septemba 1882 alifunga ndoa na Hermanus Roets, seremala, na ndoa hiyo ilidumu kwa sababu mmoja wao alikuwa mpole. Walijaliwa watoto saba, ambao kati yao wanaoishi ni Jacomina, Petrus na huyu anayewasomea.

Mwezi Juni 1887, majani yakiwa yamekauka na homa ya mbu imelala, walifunga maksai kumi na sita kwenye gari alilolijenga Hermanus kwa mikono yake, wakaelekea kaskazini kutafuta ardhi, Jacomina akiwa na miaka minne na Petrus akinyonya, na kwenye kivuko cha mto wa pili gurudumu la nyuma likapita juu ya mguu wa Hermanus na kuuvunja. Wakamlaza kitandani humo garini, naye akasema, "Susara, turudi Rustenburg." Mama akauchukua mjeledi, akamjibu, "Rudi wewe, Hermanus. Gari linakwenda mbele." Na kwa kuwa Hermanus alikuwa ndani ya gari, akaenda mbele. Aliyekuwa akiisimulia sana habari hiyo ni marehemu baba mwenyewe, huku akijifuta machozi ya kicheko.

Maksai wa mbele walihitaji mtu wa kuwaongoza kwa kamba, na hapo kivukoni Mama akampata kijana mmoja, Lesiba Ledwaba, ambaye alitembea mbele ya ng'ombe hao mwezi mzima na zaidi, mpaka tarehe 2 Agosti 1887, walipofika hapa Soetfontein. Palikuwa na chemchemi, palikuwa na nyasi za kufika magotini, na chini ya mti wa miiba palikuwa na mafiga matatu. Mama akatia kidole kwenye majivu, akayakuta yana uvuguvugu bado.

"Hapa ni kwa nani?" akauliza.

"Kwa kina mjomba wangu," Lesiba akajibu. "Wamepanda mlimani walipowasikia mnakuja."

Mama akajifuta kidole kwenye sketi, akafungua maksai. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe, wala hakujipamba, aliona, akajua, akafungua maksai, na shamba hakulirudisha, na familia haiwaambii kwamba alikuwa malaika, mkono wake ulikuwa mwepesi na ulimi wake mwepesi zaidi, lakini kitu kimoja hakukifanya maisha yake yote, hakusema kwamba alikuta nchi tupu.

Hapa alilima mahindi na tumbaku, alikausha pichi, alipika sabuni, alikanda sakafu kwa udongo wa kichuguu na kuipangia kokwa za pichi mojamoja, na wengi wenu mmecheza juu ya sakafu hiyo. Vita na Waingereza vilipokuja, Hermanus alikwenda na farasi wake, Mama na watoto wakafungwa na Waingereza hao kambini, na huko mwaka 1901, katika juma moja, akawazika watoto wake Hendrik na Sannie wakiwa wamefungwa mablanketi, kwa sababu mbao hazikuwepo. Aliporudi, nyumba ilikuwa majivu, ila gari lilikuwa zima. Lesiba, aliyebaki kufanya kazi hapa Soetfontein tangu siku ile, alikuwa amelifumua, gurudumu kwa gurudumu, ubao kwa ubao, akalificha katika pango la huko mlimani, na alipomwona Mama amesimama uani peke yake, alisema tu, "Mama mkubwa, ekseli inataka mafuta."

Hermanus alirudi salama, na kwa kuwa mablanketi yale hayakumtoka mkewe moyoni, akachonga majeneza mawili ya mti mzuri wa manjano, akayapandisha darini, na Mama, kama wazee wetu wote, akayajaza pichi kavu yakingoja siku yake. La Hermanus lilishuka tarehe 19 Mei 1911. La Mama lilishuka mwezi Oktoba 1918, wakati wa ile homa kubwa, kwa maana Lesiba Ledwaba alifariki tarehe 21, mbao hazikupatikana wilaya nzima, naye Mama akamwaga pichi sakafuni na kusema huyu haendi na blanketi.

Sehemu iliyoombwa irukwe ndiyo hii. Wazee wawili wa kanisa walikuja, wakaketi, wakapewa kahawa, na mmoja akasema, "Tant Susara, jeneza la mti wa manjano, kwa mfanyakazi mweusi? Watu wanasema." Mama akamjibu, "Jeneza ni langu, na maiti ni wangu. Kahawa pia ni yangu, ila hiyo nimewapa. Mkimaliza, njia mnaijua." Walimzuia Meza ya Bwana mwaka mzima, mara nne tulipokwenda mjini kwa ibada hiyo, na mara zote nne Mama akasimamisha gari lake uwanjani palepale, mbele ya mlango wa kanisa, akakaanga maandazi wakati wa mahubiri. Mchungaji wa wakati ule aliwahi kukiri kwamba harufu ile ilimharibia Warumi yote.

Mwezi Mei mwaka huu kamati ilikuja Soetfontein kuliomba gari liende kwenye sherehe, na tayari walikuwa na kibao chake, kilichoandikwa kwamba Hermanus Roets aliingia na gari hili katika nchi tupu mwaka 1887. Mama akataka jina lake liwekwe, kwa kuwa mwenye mjeledi alikuwa yeye, akataka na la Lesiba, na akataka lile neno "tupu" lifutwe. Bwana Theunis Ackermann, mwenyekiti, ambaye yuko safu ya pili, akasema kwa upole, "Tant, watu watakuja kufurahi. Hayo si ya siku hiyo."

"Basi furahini na toroli," Mama akamwambia.

Walipokuwa wakitoka getini, mmoja wao akawatuliza wenzake, "Tungoje tu, bibi ana miaka sabini na sita." Bibi huyo miguu ilikuwa imechoka, masikio hayakuchoka. Akamwita Gerrit, akasema, "Lete msumeno." Gerrit alikataa siku nzima, kwa sababu ufundi wake wote alijifunzia chini ya gari lile, akitazama kazi ya baba yake, na Mama hakumfokea, jambo lililomtisha zaidi, alimwambia tu, "Mwanangu, wakilipata litasema uongo, nami nitakuwa siwezi kulijibu. Hilo gari lilinileta. Na liniondoe." Kesho yake akaketi uani na kikombe chake, akawa anaonyesha kwa mkongojo ubao upi uwe ubavu na upi uwe kifuniko, na jeneza likapanda darini, likajazwa pichi.

Mwezi Agosti Mama alianza kusumbuliwa na moyo, akavimba miguu, akatibiwa nyumbani na daktari Lubbe, ambaye alimkataza kahawa bila mafanikio yoyote, na alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 13 Oktoba 1938, saa nne asubuhi, kitandani mwake, akiwa na akili zake zote. Ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na wanne na vitukuu sita.

Familia inamshukuru daktari Lubbe, majirani waliochimba kaburi kwenye mwamba ule, akina mama waliooka mikate tangu Alhamisi, na mafundi wenzake Gerrit waliosugua mbao, na pichi mtakazokula baada ya maziko zimetoka jenezani humu, hivyo atakayeona kinyaa ajizuie mapema.

Mabwana wa kamati, gari mlilolitaka ni hili lililo mbele yenu, na kwenye ubavu wa kulia mtaona kovu la kugonga mwamba kwenye kivuko kile, litazameni vizuri sasa hivi, kwa maana halitaonekana tena. Pendekezo la kumbeba Mama kwa motokaa limekataliwa. Atabebwa kwa mikono mpaka kando ya Hermanus, hatua chache kutoka kwa Lesiba, na mbele ya jeneza atatembea Matome Ledwaba, mwana wa Lesiba, pale alipotembea baba yake. Asiyependa, njia anaijua.

Umefika, Mama. Fungua maksai, upumzike.